Waya wa udongo ndani ya bomba la chuma

Ninyi wakulima wa vijiji vilivyo karibu na machimbo, sikilizeni habari hii juu ya waya mmoja ambao watu wengi wanauona kila siku na hawaijui kazi yake.

Zamani mama zetu walitwanga mahindi na mihogo kwa kinu na mchi. Siku hizi katika vijiji vingi iko mashini ya kusaga. Mashini nyingine inazungushwa na motere ya mafuta, nyingine inazungushwa na umeme. Umeme huo unatoka katika jenereta, au katika sahani za jua zilizowekwa juu ya mabati, au katika waya kubwa. Hizo waya kubwa mnazijua. Mwaka wa 1930 umeme wa Mwadingusha, katika mto Lufira, ulianza kwenda kwa machimbo ya shaba. Tangu 1982 umeme wa Inga unakuja mpaka Kolwezi kwa waya zenye urefu wa kilometre 1700 hivi. Waya hizo zinapita juu ya mihogo ya watu wengi bila kushuka. Pale zinaposhuka furaha ni kubwa, na kila mtu anatazama taa na motere. Waya wa udongo hakuna anayeutazama.

Waya wa udongo ni upi? Ni ule unaotoka katika sanduku la chuma lenye swichi, unashuka ukutani, unaingia chini, na kufungwa katika fimbo iliyopigiliwa ardhini. Hauzungushi motere wala hauwashi taa. Ukikatwa leo usiku, kesho asubuhi mashini itasaga kama kawaida, na unga utatoka mweupe vilevile. Hapo ndipo hatari ilipo. Swichi ikiharibika mtu anajua, maana mashini inasimama. Waya wa udongo ukipotea hakuna anayejua, mpaka siku radi inapokuja.

Tena waya huo ni wa shaba nyekundu, na katika nchi ya machimbo kila kijana anaijua bei ya shaba. Pengine shaba yenyewe ilichimbwa chini ya vilima vyenu, ikaenda ng'ambo, ikarudi ikiwa waya. Na sasa mwizi anataka kuiuza mara ya pili. Mwizi akiuacha, jembe linaukata. Jembe likiuacha, mtu anafunga mbuzi wake hapo. Ndiyo sababu wenye mashini wengi wanasema: "Tutautia ndani ya bomba la chuma."

Shauri hili ni zuri. Lakini bomba la chuma lina desturi yake, na mtu asiyeijua anaweza kuuponya waya na mwizi huku akiuzuia kufanya kazi siku ya radi. Desturi yenyewe ni hii: bomba la chuma linalofunika waya wa udongo lazima lifungwe pamoja na waya huo pande zote mbili, upande wa juu na upande wa chini. Sasa tutaeleza sababu, kisha namna ya kufanya.

KAZI YA WAYA WA UDONGO

Congo ni nchi ya radi. Wataalamu waliohesabu miali ya radi ya dunia kwa vyombo vinavyozunguka juu angani walitoa hesabu yao mwaka wa 2016. Mahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo, katika Venezuela. Katika Afrika mahali pa kwanza ni Kabare, karibu na ziwa Kivu: kila mwaka miali zaidi ya 200 katika eneo la kilometre moja ya mraba.

Si lazima radi ipige juu ya nyumba yako ndipo upate hasara. Ikipiga waya wa umeme mbali, au ikipiga mti ulio karibu na waya, nguvu yake inakimbia juu ya waya mpaka inaingia katika sanduku lako. Hapo inatafuta njia ya kwenda ardhini. Ikikuta waya wa udongo mnene, mfupi, usio na mikunjo mingi, sehemu kubwa inashuka kwa njia hiyo. Isipoukuta, itajifanyia njia yake katika motere, au katika ukuta wenye maji, au katika mwili wa mtu aliyesimama karibu.

Lakini msiupe waya huu kazi isiyo yake. Watu wengi wanafikiri kwamba waya wa motere ukichubuka na kugusa chuma cha mashini, waya wa udongo utaondoa hatari yote. Fanyeni hesabu. Umeme ni volti 220. Tuseme ukaidi wa udongo penye fimbo ni omu 25, na hapo fimbo ni nzuri kidogo. Gawanya 220 kwa 25: unapata ampere 8 na kidogo, wala haifiki 9. Swichi ya ampere 20 haitaanguka kwa umeme huo mdogo, na chuma cha mashini kitaendelea kuwa na umeme wa kuua. Kwa ajali ya namna hiyo inatakiwa swichi ile nyingine, inayopima umeme unaokwenda na umeme unaorudi, na kukata mara moja ikiona pungufu. Mwenye mashini asiseme: "Mimi nina waya wa udongo, swichi hiyo ya nini?" Vitu hivi viwili vinasaidiana.

SABABU GANI BOMBA LA CHUMA LINAZUIA RADI

Umeme ukipita katika waya unazaa nguvu ya sumaku kuuzunguka waya huo, kama pete nyingi zisizoonekana. Umeme ukiongezeka, pete zinaongezeka. Na wakati zinapoongezeka zinasukuma umeme nyuma. Mtu akivuka mto polepole, maji yanampisha. Akitaka kukimbia ndani ya maji, maji yanamsukuma kifuani. Umeme nao ni vivyo hivyo: kadiri unavyotaka kukimbia ghafula, ndivyo unavyosukumwa nyuma. Na hakuna umeme unaokuja ghafula kuliko radi.

Sasa tia waya huo mmoja ndani ya bomba la chuma. Chuma kinapenda sumaku kuliko vitu vyote mnavyovijua. Zile pete zinaingia katika chuma cha bomba na kuwa na nguvu mara nyingi. Sasa mvukaji wetu hayuko tena katika maji, yuko katika matope ya kinamasi. Waya ni uleule, shaba ni ileile, unene ni uleule, lakini radi inakuta njia nzito, inarudi juu katika sanduku, na kuruka mahali pengine. Wataalamu wanasema bomba la namna hiyo linaukaba waya. Neno hilo ni la haki.

Mtu mwenye akili atauliza: mbona waya za motere zinapita katika bomba la chuma bila shida? Zinapita kwa sababu ziko pamoja. Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine ndani ya bomba lilelile, na sumaku ya mmoja inaondoa sumaku ya mwenziwe. Waya wa udongo uko peke yake. Umeme wake unakwenda, haurudi kwa bomba hilo. Kwa hiyo hakuna wa kuiondoa sumaku yake.

Tutafanya nini basi? Dawa si ngumu. Tukilifunga bomba na waya upande wa juu, na tena upande wa chini, umeme wa radi unapata njia mbili: waya ulio ndani, na chuma cha bomba lenyewe. Ukifika juu unaona kwamba njia ya ndani ni nzito, basi sehemu kubwa inatoka kwenye waya, inaingia katika bomba, inashuka juu ya ngozi ya bomba, na kule chini inarudi kwenye waya na kwenda fimboni. Bomba lililokuwa adui limekuwa njia. Umeme unaopita katika bomba hauzai sumaku ndani ya tundu la bomba, kwa hiyo hauukabi waya.

Kwa hiyo mnaona sababu ya kufunga pande zote mbili. Ukifunga juu tu, radi inaweza kuingia katika bomba, lakini kule chini haina mlango wa kutokea. Ukifunga chini tu, mlango wa kuingilia haupo. Kufunga upande mmoja ni kama kuchimba mfereji wa shamba na kuacha metre mbili za mwisho bila kuchimba.

Jambo hili ni la chuma tu. Bomba la plastiki halina sumaku, halina haja ya kufungwa. Bomba la aluminiumu au la shaba halina tabia hii ya kukaba. Mahali pasipo mwizi wala gari wala jembe, bomba la plastiki nene ni bora, sababu hakuna kazi ya kusahau. Lakini mnajua wenyewe kwamba plastiki inakatwa kwa kisu kimoja.

UNENE WA WAYA

Katika Marekani kuna kitabu cha sheria za umeme kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1897, na siku hizi kinatengenezwa upya kila miaka 3. Kitabu hicho si sheria ya Congo. Tunakitaja kwa sababu kimeeleza jambo la bomba na waya wa udongo wazi kabisa, na sumaku ya Chicago haina tofauti na sumaku ya Kolwezi.

Kitabu kinasema hivi: unene wa waya wa udongo unafuata unene wa waya zinazoingiza umeme katika nyumba. Wamarekani wanapima waya kwa namba zao, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Katika maduka yetu waya zinauzwa kwa milimetre za mraba, kwa hiyo tumezigeuza namba hizo na kuchukua daima waya mnene unaofuata. Kama waya za kuingiza umeme ni za shaba zenye milimetre za mraba 25 au chini yake, waya wa udongo wa shaba uwe 10. Kama ni 35 au 50, uwe 16. Kama ni 70, uwe 25. Kama ni 95 mpaka 150, uwe 35. Mashini ya kusaga ya kijiji haiendi mbali hivyo. Nyingi zinakaa katika mstari wa kwanza.

Tena kuna ruhusa moja inayoponya fedha. Waya ukienda kwa fimbo zilizopigiliwa tu, wala si kwa kitu kingine, haudaiwi kuwa mnene kuliko namba 6 ya Marekani, yaani 16 ya kwetu. Sababu yake ni fimbo yenyewe: udongo unaoizunguka unapokea umeme kwa shida, na waya mnene zaidi hautasaidia. Fundi akikuambia ununue waya wa 35 kwa fimbo moja ya kijiji, mwulize sababu.

Waya wa 10 ni mwembamba, na kitabu hakiruhusu ukae mtupu ukutani: lazima uwe ndani ya bomba. Waya wa 16 unaweza kufungwa ukutani bila bomba, mahali ambapo hakuna kitu cha kuugonga. Basi mtu anachagua. Atanunua shaba kidogo na bomba, ama atanunua shaba zaidi na kuacha bomba. Katika vijiji vya machimbo wengi watachagua bomba kwa sababu ya mwizi, hata waya ukiwa wa 16.

Neno juu ya fimbo. Wamarekani wanataka fimbo iingie ardhini metre 2 na santimetre 44. Fimbo moja ikishindwa kufika omu 25 au chini yake, wanaongeza ya pili, mbali na ya kwanza kwa metre 1 na santimetre 83 au zaidi. Sisi tuseme metre 2 na zaidi, ni rahisi kukumbuka. Msipige fimbo fupi kwa kuogopa mawe. Katika Katanga mvua inakatika mwezi wa nne au wa tano, na udongo wa juu unakauka mpaka unapasuka. Udongo mkavu hupokea umeme vibaya. Radi za kwanza zinakuja pamoja na mvua za kwanza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati ardhi bado haijashiba maji. Fimbo fupi wakati huo imesimama katika vumbi.

UPANA WA BOMBA

Hapa maneno ni machache. Waya ukiwa mmoja katika bomba, kitabu kinasema usijaze zaidi ya sehemu 53 katika 100 za tundu. Kwa mtu asiyependa hesabu, kuna njia fupi: pima upana wa tundu la bomba, ugawanye kwa 10, uzidishe kwa 7. Upana wa waya pamoja na ngozi yake usipite hapo. Tundu likiwa milimetre 16, waya usipite milimetre 11. Waya wa shaba wa 16 una upana wa milimetre 8 hivi pamoja na ngozi, basi unaingia vizuri katika bomba dogo la nusu inchi. Wengine wananunua bomba pana wakifikiri kwamba upana unapunguza kukaba. Haupunguzi vya kutosha. Kinachoondoa kukaba ni kufunga pande mbili.

Mkikata bomba kwa msumeno, ondoeni meno ya ndani kwa tupa kabla ya kuvuta waya. Meno hayo yanachuna ngozi ya waya kama kisu kinavyomenya muhogo.

KUFUNGA JUU NA CHINI

Hii ndiyo kazi yenyewe, someni polepole.

Kwanza, waya wa udongo usikatwe. Utoke katika sanduku mpaka fimboni ukiwa mzima. Mahali pa kuufunga na bomba, menyeni ngozi tu, shaba ionekane, kisha fungeni kibano juu yake bila kuukata. Kama hakuna njia ila kuunga, uungwe kwa chombo cha kubana kisichofunguka tena, au kwa kuyeyusha shaba. Kuzungusha kwa koleo na kufunika kwa utepe ni kazi ya redio ya nyumbani, si kazi ya radi.

Pili, kipande kinachofunga bomba na waya kiwe na unene uleule wa waya ulio ndani, au zaidi. Waya ukiwa 16, kifungo kiwe 16. Sheria hii watu wanaivunja kuliko zote. Wananunua waya mzuri na bomba zuri, kisha wanafunga bomba kwa kipande cha waya mwembamba wa chuma kilichobaki katika ujenzi, kile cha kufungia miti ya paa. Kumbukeni: siku ya radi sehemu kubwa ya umeme inapita katika bomba, na umeme huo wote lazima upite katika kifungo cha juu ili uingie, na katika kifungo cha chini ili utoke. Kifungo chembamba kinayeyuka kama mshumaa, na bomba linarudia uadui wake.

Upande wa juu, bomba likiingia katika sanduku la chuma, msiitegemee nati peke yake. Sanduku limepakwa rangi, na rangi inazuia umeme. Kwaruzeni rangi mpaka chuma king'ae, tieni nati, kisha juu ya mdomo wa bomba fungeni pete ya chuma yenye skrubu ya kushika waya. Kutoka kwenye pete hiyo, kipande cha shaba kiende mpaka mahali waya wa udongo unapofungwa ndani ya sanduku. Sanduku likiwa la plastiki, kibano kifungwe juu ya bomba nje ya sanduku.

Upande wa chini, bomba liishe karibu na fimbo, si katikati ya ukuta. Fungeni kibano cha shaba au cha bronzi juu ya bomba, kipande cha shaba kitoke hapo, kiungane na waya wa udongo au na fimbo yenyewe. Kibano kitakachofunikwa na udongo kiwe cha kazi hiyo. Vibano vya bati vya mipira ya maji vinaoza upesi katika udongo wenye maji. Kila kibano kishike waya mmoja. Msisonge waya mbili chini ya skrubu iliyotengenezwa kwa waya mmoja.

Watu wengine wanasema: "Waya wetu hauna ngozi, unagusa bomba huko ndani. Si umekwisha kufungwa?" Hapana. Kugusa si kufunga. Leo unagusa, kesho kuna kutu katikati. Wala hakuna anayejua unagusa mahali gani.

Tatu, kila kipande cha bomba kihesabiwe peke yake. Mabomba yaliyoungwa kwa skrubu zake na kukazwa vizuri ni bomba moja, lina ncha mbili. Lakini tuseme kipande kimoja kiko ukutani, kisha waya unaonekana nusu metre, kisha kipande kingine kinaingia ardhini. Hayo ni mabomba mawili, ncha nne, vifungo vinne. Hata kipande kifupi kama mkono wa mtu, kilichowekwa mahali jembe linapofika, kinadai vifungo viwili. Wengi wanakiacha kwa kuwa ni kifupi. Lakini njia nzima ya radi inapita hapo, na ikikwama hapo imekwama yote.

KUANGALIA

Fundi akimaliza, wengi wanamwambia apime. Anatoa kipimo chake cha omu, anagusa bomba na waya kule chini, sindano inaonyesha karibu sifuri, wote wanafurahi. Jihadharini. Kipimo hicho kinaweza kuwadanganya. Kama bomba limefungwa juu tu, umeme mdogo wa kipimo unapanda kwa waya mpaka juu, unavuka kwa kifungo cha juu, na kushuka kwa bomba mpaka kwenye kipimo. Kipimo kinaonyesha karibu sifuri, na kifungo cha chini hakipo! Umeme wa kipimo ni mtulivu, hauna haraka, hausukumwi na sumaku kama radi. Kwa jambo hili macho ni bora kuliko kipimo. Nendeni juu, mtazame kifungo. Nendeni chini, mtazame kifungo. Kama kiko chini ya udongo, fundi akioneshe kabla ya kufukia. Na mwenye mashini aweke kisahani cha saruji kinachofunguka juu ya mahali hapo, asije akalazimika kuchimba kila mwaka.

Kila mwaka, mwezi wa tisa, kabla ya mvua, tazameni tena. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko wa mashini. Bomba la chuma lililopakwa zinki linaanza kuoza pale linapoingia ardhini, upana wa vidole vinne juu na chini ya uso wa udongo. Kwaruzeni hapo kwa kisu muone kama chuma bado ni kigumu. Tazameni pia kama waya bado umo. Mwizi mwerevu anavuta waya kutoka ndani na kuliacha bomba limesimama, na watu wanapita mbele yake miezi mingi wakisema waya uko salama.

Mkikuta kifungo kimelegea, msikikaze wakati mashini inasaga. Njia ya udongo ikifunguka huku umeme uko, mkono mmoja ukiwa juu ya waya na mwingine juu ya bomba, umeme unaweza kupita katika mwili wako. Zimeni jenereta au kateni swichi kubwa, ondoeni watoto, tazameni mbinguni. Kama mnasikia ngurumo hata kwa mbali, ngojeni mpaka ipite kabisa, ndipo mshike kibano.